Kalkulasi ya kuchorea bahari: mwongozo kamili kwa anayetaka kuingia kwenye grafiksi za kompyuta

Watu wengi wanaotaka kufanya grafiksi za kompyuta, iwe magemu, animesheni au hata programu za ramani, wanakwama sehemu moja. Wanaambiwa bila kalkulasi (calculus, hesabu ya vitu vinavyobadilika) hufiki popote, basi wanachukua kitabu cha fomu faivu, wanaanza ukurasa wa kwanza, limiti, limiti, limiti, mwezi unakatika hawajachora hata nukta moja kwenye skrini, wanaacha. Mi nasema njia hiyo tuiache. Kalkulasi inayofanya kazi kwenye grafiksi ni ndogo kuliko ile ya mtihani, ila hiyo ndogo inabidi uijue mpaka ikukae mkononi, na itakukaa mkononi kama kila wazo ulilolishika leo limetoa picha leo hiihii.

Kwa hiyo hapa tunajenga kitu kimoja tu mwanzo mpaka mwisho: bahari ya Tanga vile inavyoonekana ukisimama Raskazone asubuhi, jua limeshapanda kidogo upande wa baharini, mawimbi madogo madogo, na ngalawa moja inaelea. Kila hatua ya hesabu inaongeza kitu kwenye hiyo picha, na kama hakuna kilichoongezeka ujue hatua hiyo bado.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

Laptopu yoyote inayofungua brauza inatosha, hata ile ya ramu ndogo. Mi napendekeza p5.js, ni maktaba ya JavaScript, unaipakua mara moja ukiwa na bando halafu unafanya kazi bila intaneti wiki nzima, na baadaye ukitaka kuandika sheda yenyewe, yaani programu ndogo inayoamua rangi ya kila pikseli (kila nukta ya skrini), p5.js inakuruhusu. Kwenye simu weka GeoGebra, hiyo ni ya kuchorea grafu na kuvuta namba kwa kidole uone mstari unavyobadilika. Na daftari la mraba mraba, hili usilidharau, kuna vitu havieleweki mpaka uvichore kwa kalamu.

Kwenye hesabu unahitaji sin na cos, na vekta, yaani mshale wenye urefu na uelekeo. Hapa kuna mtego mmoja ambao unawasumbua wengi waliotoka shule zetu: darasani tumezoea nyuzi, sin ya 90 ni 1, ila kompyuta inahesabu kwa radiani, ukiandika sin(90) inakupa 0.894 na wala haikwambii kuna kosa. Mzunguko mzima ni 2π, yaani 6.283, robo yake ni 1.571. Jizoeze kuwaza kwa radiani tangu siku ya kwanza, tena kalkulasi yenyewe inakuwa nyepesi ukifanya hivyo, kwa sababu derivativu (mwendo wa kitu kubadilika, tunaifikia sasa hivi) ya sin inakuwa cos tupu bila namba ya ziada kuning'inia mbele.

Hatua ya kwanza: derivativu, kwa kutumia maji ya kupwa na kujaa

Usianze na alama, anza na maji. Mvuvi yeyote wa Sahare anajua kwamba maji hayajai kwa mwendo mmoja. Yakiwa yamepwa kabisa yanakaa kama yamesimama, halafu yanaanza kuingia pole pole, katikati ndo yanakimbia, yakikaribia kujaa yanapunguza tena. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria: kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na kitu, basi gawa kiasi chote ambacho maji yanapanda mafungu kumi na mbili, saa ya kwanza yanapanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua siku ya bamvua maji yakipanda mita 3, utapata sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25.

Sasa angalia hiyo orodha vizuri. Urefu wa maji ni kitu kimoja, na mwendo wa urefu kubadilika ni kitu kingine, na hicho cha pili ndo derivativu. Maji yakiwa juu kabisa urefu ni mkubwa ila derivativu ni sifuri. Yakiwa nusu, derivativu ndo kubwa kuliko zote. Ukichora urefu unapata umbo la sin, ukichora hizo 25, 50, 75 unapata umbo la cos. Hujakariri kanuni yoyote na tayari unajua derivativu ya sin ni cos, na unajua kwa nini.

Fanya hivi kwenye p5.js: chora mstari wa urefu wa maji, chini yake chora mstari wa pili ambao kila nukta yake umeipata kwa kutoa urefu wa sasa na urefu wa muda mfupi uliopita. Ukiona kilele cha juu kinakaa sawasawa na mstari wa chini unapokatiza sifuri, umemaliza hatua.

Hatua ya pili: hatua ndogo, na ndogo kiasi gani

Kompyuta haijui "kukaribia sifuri". Inajua namba tu, kwa hiyo kwake derivativu ni tofauti mbili ndogo zilizogawanywa. Jaribu x mraba pale x ni 3. Songa 0.01: 3.01 mraba ni 9.0601, toa 9, gawa kwa 0.01, unapata 6.01. Songa 0.001, unapata 6.001. Unaona inakokwenda, ni 6, na kanuni ya kitabuni inasema 2x, sawa kabisa. Limiti ndo hiyo, na kwa kazi yetu inatosha.

Iliyo bora zaidi ni kusonga pande zote mbili. Hapa h ni ile hatua ndogo, na mteremko ni derivativu ileile ukiitazama kwenye grafu, yaani ukali wa mstari kupanda:

mteremko = (f(x + h) - f(x - h)) / (2 * h)

Hii ishike sana, ni mstari mmoja ambao utakuokoa kazi yako yote. Kila ukitafuta derivativu kwa mkono, linganisha na huu mstari, zikipishana basi kosa liko kwenye kalamu yako. Ila h usiifanye ndogo kupita kiasi ukidhani ndo usahihi. Namba za sheda nyingi ni za biti 32, zinabeba tarakimu kama saba tu zenye maana, kwa hiyo ukichukua 3 ukajumlisha 0.0000001 inabaki 3 ileile, na jibu lako linatoka sifuri kamili, picha nzima inakuwa bapa na hujui kwa nini. Kwa bahari yetu 0.001 ni salama. Na kwenye simu angalia zaidi, maana sheda ikiachwa na usahihi wa mediump simu nyingi zinatumia biti 16, maji yanatoka na ngazi ngazi. Andika precision highp float; mwanzoni mwa sheda.

Kanuni za kujua kwa kichwa: ya vipeo (x kipeo n inakuwa n mara x kipeo (n toa 1)), ya kujumlisha, ya kuzidisha, sin na cos, na kanuni ya mnyororo. Basi. Zile mbinu za shule za kubadilisha integrali (kinyume cha derivativu, tutaifikia) kwa trigonometria na kuvunja sehemu, kama unasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, zisome kwa ajili ya mtihani, ila kwa grafiksi utakutana nazo mara chache mno.

Ya mnyororo ndo ya kukalia muda mrefu. Wimbi letu ni A mara sin(kx), A na k kwa sasa zichukulie ni namba tu, tutazieleza hatua ya tatu, na ndani ya sin kuna k. Ukisonga kwenye x hatua moja, kilichomo ndani kinasonga hatua k, kwa hiyo mteremko unazidishwa kwa k: A mara k mara cos(kx). Watu wanaisahau hiyo k halafu wanashangaa mawimbi mafupi yanaonekana kama yamelala.

Hatua ya tatu: bahari yenyewe

Urefu wa maji mahali x na muda t (h hii ni urefu wa maji, siyo ile hatua ndogo ya juu):

h = A * sin(k*x - w*t)

A ni kimo cha wimbi kutoka usawa wa maji, k ni 2π kugawa kwa urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele, w ni mwendo wa kupanda na kushuka. Hapa usibuni namba. Kwenye maji ya kina kirefu, w ni kipeuo cha pili cha (g * k), g ni uvutano wa dunia, 9.8. Chukua wimbi la mita 6.28, k inakuwa 1, w inakuwa 3.13, yaani kila sekunde mbili linapita moja, na mwendo wake ni mita 3.13 kwa sekunde. Ukiweka namba hizi maji yanaonekana mazito kama maji. Ukiweka za kubahatisha yanaonekana kama shuka linapepea.

Wimbi moja halitoshi, jumlisha manne au matano yenye urefu tofauti na uelekeo tofauti kidogo, na uzuri ni kwamba miteremko yake nayo unajumlisha tu, ndo ile kanuni ya kujumlisha. Sasa bahari ina pande mbili, x na z, kwa hiyo kuna miteremko miwili. Wa x unaupata kwa kusogeza x peke yake huku z umeishikilia isitikisike, wa z kinyume chake. Ukiviweka viwili pamoja vinaitwa gradienti, na jina lisikutishe, ni mshale unaoonyesha upande ambao maji yanapanda kwa ukali zaidi.

Kama unataka vilele vilivyochongoka kama vya upepo wa kusi, sin tupu haitoi, inabidi maji yasogezwe pia kwa ubavu siyo juu na chini tu. Mwanafizikia Gerstner alishaiandika hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1800, zamani kabla ya kompyuta, na magemu bado yanaitumia. Iache mpaka picha yako ya kawaida isimame.

Hatua ya nne: mwanga, na hapa tukae

Hii ndo hatua ambayo kalkulasi inaanza kulipa. Mpaka sasa una uso unaopanda na kushuka lakini wenye rangi moja, jicho halioni kitu. Kinacholifanya jicho lione wimbi ni kwamba ubavu mmoja unang'aa na mwingine una kivuli. Ili ujue upande gani unang'aa unahitaji mshale uliosimama pembe mraba na uso wa maji pale pale, unaitwa nomali, na nomali inatoka moja kwa moja kwenye derivativu:

nomali = (-mteremkoX, 1, -mteremkoZ)

Kwa nini hasi? Chora kwenye daftari. Maji yakipanda kwenda kulia, mshale uliosimama juu yake unaegemea kushoto. Halafu gawa kwa urefu wake ili uwe na urefu wa 1.

Tufanye kwa namba. Wimbi letu lina A ya 0.3 na k ya 1, kwa hiyo mteremko mkali kuliko wote ni 0.3. Nomali ni (-0.3, 1, 0), urefu wake ni kipeuo cha 1.09 ambacho ni 1.044, ukigawa unapata (-0.287, 0.958, 0). Ubavu wa pili wa wimbi mteremko ni -0.3, nomali yake ni (0.287, 0.958, 0). Sasa jua, tuseme liko nusu kati ya upeo wa bahari na utosi, upande wa x hasi, mshale wa kulielekea ni (-0.707, 0.707, 0). Mwanahisabati Lambert alieleza mwaka 1760 kwamba mwanga unaopokelewa na uso unafuata cos ya pembe kati ya mishale hii miwili, na cos hiyo unaipata kwa doti prodakti, yaani zidisha x kwa x, y kwa y, z kwa z, jumlisha. Ubavu wa kwanza: 0.203 jumlisha 0.677, ni 0.880. Ubavu wa pili: -0.203 jumlisha 0.677, ni 0.474.

Ona tofauti hiyo, 0.88 na 0.47, mmoja unang'aa karibu mara mbili ya mwingine, na mteremko wenyewe ulikuwa 0.3 tu. Ndo maana asubuhi na jioni bahari inaonekana ina mawimbi mengi na saa sita mchana inaonekana kama imelala: jua likiwa utosini mbavu zote mbili zinapata 0.958. Badilisha uelekeo wa jua kwenye kodi yako uone mwenyewe, hili ni jaribio la dakika moja na lina elimu kubwa.

Doti prodakti ikitoka hasi maana yake uso umelipa jua kisogo, weka sifuri, usiruhusu mwanga hasi.

Nomali hizi siyo za bahari tu. Tufe lenye mlinganyo x² + y² + z² toa r², gradienti yake ni (2x, 2y, 2z), yaani mshale unaotoka katikati kwenda nje, ambayo ndo nomali ya tufe. Umbo lolote unaloweza kuliandika kwa mlinganyo, gradienti inakupa nomali yake, na kama mlinganyo umekuwa mgumu kuliko uwezo wa kalamu, tumia ule mstari wa tofauti pande mbili mara tatu, x, y na z.

Na ngalawa yetu? Iweke kwenye h, halafu iinamishe kwa atan ya mteremko. Mteremko wa 0.3 unatoa radiani 0.29, kama nyuzi 16.7. Ikishafuata maji hivyo utaona imekuwa nyepesi mno kama kipande cha boksi, hilo tunalitibu hatua inayofuata.

Hatua ya tano: mwendo, yaani kurudi nyuma

Hapa derivativu tunazijua, tunatafuta kilichozaa derivativu. Unajua uvutano, unataka mwendo, unajua mwendo, unataka mahali. Kwenye kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini:

mwendo = mwendo + nguvu * dt
mahali = mahali + mwendo * dt

dt ni muda wa fremu moja, kwa fremu 60 kwa sekunde ni 0.0167. Mwanafizikia anaita integrali, kwetu ni kujumlisha vipande vidogo.

Mpangilio wa hiyo mistari miwili siyo mapambo. Mwendo kwanza, mahali baadaye. Chukua kitu kinachochezacheza kama springi, ambacho kinaenda na kurudi karibu mara moja kwa sekunde. Ukisogeza mahali kwa mwendo wa zamani, kila fremu nishati inaongezeka kama asilimia moja, unasema asilimia moja siyo kitu, ila fremu 60 za hivyo nishati inakaribia kuwa mara mbili ndani ya sekunde moja, na ngalawa inaruka kutoka baharini. Ukianza na mwendo, inatulia. Kodi ni ileile, nguvu imehesabiwa kabla ya mistari yote miwili, mistari imebadilishana nafasi tu.

Usahihi nao upime. Dondosha nazi, sekunde moja baadaye inatakiwa iwe imeshuka mita 4.9. Ukitumia dt ya 0.1 utapata 5.39, ukitumia 1/60 utapata 4.98, ukitumia 0.01 utapata 4.949. Kwa gemu 4.98 hakuna atakayeona. Ila kama laptopu imelemewa na fremu zimeshuka mpaka 10, gemu lako linabadilika fizikia, kwa hiyo vunja dt kubwa kuwa ndogo ndogo ndani ya fremu moja.

Sasa ngalawa: nguvu iwe tofauti ya urefu wa maji na urefu wa ngalawa mara namba fulani, toa mwendo wake mara namba nyingine ndogo ya kuituliza. Cheza na hizo namba mbili mpaka ichelewe kidogo nyuma ya wimbi. Ikichelewa ndo inaonekana ina uzito.

Hatua ya sita: kulainisha

Hii fupi. Ukitaka kitu kianze na kiishe taratibu, kamera kwa mfano, tumia 3t² toa 2t³, t ikienda 0 hadi 1. Derivativu yake ni 6t toa 6t², ambayo ni sifuri mwanzo na mwisho, ndo maana haishtui. Ila derivativu ya pili, 6 toa 12t, mwanzoni ni 6, siyo sifuri. Mtaalamu wa grafiksi Ken Perlin alipoirekebisha noizi yake (namba za nasibu zilizolainishwa, za kutengenezea maumbo kama mawingu) mwaka 2002 aliibadilisha hii kuwa 6t⁵ toa 15t⁴ jumlisha 10t³, ambayo derivativu ya pili nayo ni sifuri kwenye ncha, maana nomali zinatoka kwenye derivativu na jicho linauona mkunjo kwenye mwanga hata kama kwenye urefu halikuuona. Tafuta derivativu zote mbili kwa mkono, ni zoezi zuri la jioni moja.

Hatua ya saba: integrali za mwanga

Hii ni ya mwisho na usiiwahi kabla nomali hazijakukaa. Jua ni mshale mmoja, lakini mbingu yote inatoa mwanga, na kila nukta ya maji inapokea kutoka kila upande. Mtaalamu wa grafiksi James Kajiya aliandika mlinganyo wa hilo mwaka 1986, na ukiutazama ni jumla tu: mwanga wa kila upande, mara cos ya Lambert, mara namna uso unavyorudisha mwanga, jumlisha mbingu nzima.

Anza na integrali moja ndogo. Jumla ya cos kwenye nusu tufe nzima ni π. Uso mweupe kabisa haupaswi kurudisha mwanga zaidi ya ulioingia, kwa hiyo inabidi ugawe kwa π, na hiyo π utaikuta kwenye sheda nyingi za mwanga bila maelezo yoyote. Ipate mwenyewe kwa kubahatisha: chagua pande za nasibu kwenye nusu tufe kwa usawa, chukua cos ya kila moja, tafuta wastani, utakaribia 0.5, zidisha kwa eneo la nusu tufe ambalo ni 2π, unapata π. Njia hii inaitwa Monte Carlo, na filamu nyingi za animesheni ya kompyuta za siku hizi zinatengenezwa nayo.

Ifanye kwenye bahari: kila pikseli itume miale 4 ya nasibu angani, chukua wastani. Picha itatoka na chembechembe kama mchanga. Tuma 16, chembe zinapungua nusu. Tuma 64, nusu tena. Kila ukitaka nusu unalipa mara nne, kwa hiyo kwenye laptopu ya kawaida usiilazimishe fremu moja imalize kila kitu: iache bahari isimame, t usiibadilishe, kila fremu ongeza mwale mmoja kwenye jumla na gawa kwa idadi ya fremu zilizopita, itasafika yenyewe mbele ya macho yako wakati unakunywa chai.